Saa Mbili za Trekta ni Siku Ngapi za Jembe

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumanne, lori la kukodi lilirudi kinyumenyume hadi kwenye kichuguu kilichokuwa mbele ya nyumba yangu Kidahwe, bodi la nyuma likafunguliwa, na trekta dogo la kijani likasukumwa taratibu hadi magurudumu yakagusa udongo. Naikumbuka saa hiyo kwa sababu dereva wa lori alitaka alipwe kuanzia saa tatu kamili, tukabishana juu ya hizo dakika kumi. Asubuhi ile nikawa mwenye trekta. Kabla ya msimu wa pili kwisha sikuwa tena mtu wa kundi la kulimiana, na karibu miaka ishirini ilipita kabla sijajaribu kurudi. Mambo hayo mawili yanahusiana. Nitaeleza yanavyohusiana, pamoja na yale ya oili na dizeli mliyoniuliza.

Mlioniuliza ni ninyi vijana wanne mnaokodisha matrekta madogo kati ya hapa na Kalinzi. Mwaka huu nimeacha kazi. Nina miaka hamsini na minane, na mgongo wangu ni mzee kuliko mimi. Sikusomea ufundi popote. Ninayoyajua niliyapata kwa kusoma, kwa kuuliza na kwa kuharibu. Njia hiyo ya tatu ndiyo ghali zaidi, kwa hiyo someni.

Trekta lenyewe lilitengenezwa Ujerumani, nguvu za farasi kumi na nane, silinda mbili. Huko lilikuwa la mkulima mmoja mwenye shamba dogo, ng'ombe wachache na miti ya matunda. Alipofariki, watoto wake walikuwa wanaishi mjini na hawakulihitaji, wakalitoa kwa misheni, likaja huku ndani ya kontena pamoja na baiskeli na cherehani. Mimi nilikuwa mtunza stoo wa shamba la misheni. Misheni ilipoacha kulima, vifaa viliuzwa, nami nikanunua trekta hilo dogo kwa sababu kubwa lilikwisha kununuliwa. Habari za mishahara na mafao naziacha, hazitawasaidia kuwasha injini.

Kiti chake kilikuwa cha bati, kimeviringishiwa ngozi, na ngozi ilikuwa imelika upande wa kulia tu. Baada ya wiki moja ya kulima nilielewa kwa nini. Anayelima kwa plau huangalia nyuma kila mara kupitia bega la kulia, kuona mfereji unavyokwenda, na uzito wote hulalia upande mmoja. Yule Mjerumani sikumjua hata jina, lakini nilijua alivyokaa. Nilijua pia kwamba hakuwa na mtu wa kumtazamia plau huku yeye akitazama mbele.

Kitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kijerumani. Nilinunua kamusi ya mtumba sokoni Mwanga na kuanza ukurasa wa kwanza. Ulinichukua wiki nzima, na ulipokwisha nikagundua ulikuwa unanipongeza kwa kununua trekta. Ukurasa wa pili ndio ulioanza kusema kitu. Ushauri wangu: mkipata kitabu cha mashine, anzieni katikati, penye michoro.

Aliyenifundisha injini hakuwa mtu wa matrekta. Alikuwa Fundi Sudi wa Ujiji, mtengenezaji wa injini za dizeli za maboti ya mizigo. Nilimpelekea nozeli zangu mbili, zile za kunyunyizia dizeli ndani ya silinda, zimefungwa kwenye kitambaa kama mayai. Alizitazama, akanitazama na kamusi yangu kwapani, akanikalisha juu ya kreti.

“Injini ya boti ikizima katikati ya ziwa, watu wanakufa,” alisema. “Yako ikizima, unakwenda kunywa chai. Kwa hiyo wewe utakuwa mvivu wa kuitunza. Usiwe.”

Tangu hapo aliniita Profesa, na kila nilipofika alinitangaza kwa mafundi wenzake kwamba Profesa amekuja, fungueni madaftari. Nilivumilia kwa sababu alinifundisha jambo lililookoa injini yangu mara nyingi kuliko kitabu. Dizeli ya madumu inayouzwa barabarani ina maji. Itieni kwenye chupa nyeupe, iacheni ilale mpaka asubuhi, maji yatakaa chini na dizeli juu, kisha mimineni polepole na mwishie kabla ya kufika kwenye maji. Bakuli la kioo chini ya chujio lifunguliwe kila wiki, hata kama mnaona ni safi. Oili ipimwe trekta likiwa penye tambarare na injini imepoa, siyo mteja akiwa amesimama pembeni anatazama saa. Na kuna shafti inayozunguka nyuma ya trekta. Sudi alikuwa amekwisha kuona shafti ya boti ikivuta kanzu, na hakutaka kunieleza ilikuwaje. Ikizunguka hiyo, hakuna shuka, hakuna kanga, hakuna shati lililofunguliwa vifungo karibu yake.

Sasa nije kwenye kundi.

Hapa Kidahwe familia nyingi jirani zangu zilitoka Burundi zamani, zikapewa makazi, zikabaki. Wana desturi ya kulimiana wanayoiita ikibiri. Sisi Waha nasi tunayo yetu inayofanana, na kwa kuwa mashamba yetu yamepakana, tuliungana tukawa kundi moja la kaya kumi na mbili. Leo mnalima kwa fulani, kesho kwa mwingine. Mwenye shamba anapika. Saa nane majembe yanawekwa chini, watu wanakula, wanakaa, wanasemana, wanacheka, na anayetaka kuondoka mapema anaulizwa kama nyumba yake inaungua. Hakuna fedha. Unachotoa ni siku, na unachorudishiwa ni siku. Mimi na mke wangu Leokadia tulikuwa humo tangu tulipooana.

Mkuu wa kundi alikuwa Mama Nziza, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Trekta lilipofika, zamu ilikuwa ya shamba lake, ekari moja ya kupanda maharage. Niliona hiyo ndiyo nafasi ya kuwafaa wenzangu. Nilifika na trekta asubuhi, nikafunga plau, nikaanza. Watu walikaa kwenye tuta la mpakani, majembe mapajani. Kila nilipogeuza mwisho wa shamba niliwapungia mkono, nao wakanipungia. Baada ya saa mbili ekari ilikuwa imekwisha, udongo mweusi umegeuka vizuri, na ilikuwa bado mapema sana. Mama Nziza alikuwa hajaweka hata maharage jikoni. Watu walisimama, wakatikisa kanga, wakatazamana, kisha wakaanza kwenda nyumbani mmoja mmoja. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kundi letu kutawanyika bila kula.

Mimi ni mtu wa hesabu. Nilichukua kijiti nikamchorea Mama Nziza chini. Ekari moja kwa jembe inamaliza siku ya watu kumi na wawili. Trekta limetumia saa mbili. Kwa hiyo asubuhi hii nimetoa siku kumi na mbili. Nilikuwa nafurahi kama mtoto aliyepata jibu sahihi.

Aliutazama mchoro kwa muda mrefu. “Kwa hiyo mimi peke yangu nina deni lako la siku kumi na mbili,” alisema.

Nikamwambia hakuna haraka.

“Nitazimaliza lini? Shamba lako ekari mbili. Ukitulimia wote, hata tukija kwako kila siku mpaka mvua ziishe hatutazimaliza. Na mwakani utaleta nyingine.”

Asubuhi iliyofuata alikuja nyumbani na fedha ndani ya fundo la kanga. Nilikataa. Hakubishana, aliziweka juu ya gurudumu la trekta na kuondoka. Wengine walipoona yeye amelipa, nao waliponiita walilipa. Mimi niliona ni heshima, na nikaona pia kwamba kumbe hii ni kazi. Nilinunua haro la kusawazisha udongo, baadaye tela. Nikaanza kuitwa mbali. Ndani ya misimu miwili watu wa kundi walikuwa wateja wangu, na mtu hamwambii anayemlipa abaki ale.

Nimelifikiria jambo hili saa nyingi, maana juu ya trekta kuna saa nyingi za kufikiri. Hapakuwa na ugomvi. Hawakunifukuza. Nilikuwa nimeleta nguvu ambayo hawakuweza kunirudishia, na njia pekee waliyokuwa nayo ya kubaki sawa na mimi ilikuwa kunilipa na kumaliza.

Leokadia alibaki kwenye kundi na jembe lake. Kila asubuhi yeye alikwenda kushoto na mimi kulia. Jioni alirudi na habari: nani kaposa, nani kaugua, Mama Nziza kamwambia nini mkwe wake. Mimi nilirudi na harufu ya dizeli na hesabu ya ekari. Kwa miaka hiyo yote yeye ndiye aliyekuwa kaya yetu ndani ya kundi, na kwa kuwa mambo yalikwenda, sikujua.

Nirudi kwenye kazi. Trekta dogo lina faida moja kubwa hapa kwetu: linaingia kati ya migomba na mistari ya kahawa ambako kubwa haliwezi. Linageuka penye nafasi ndogo. Visiki vya michikichi ndivyo adui yake, kwa hiyo tembeeni shamba zima kwa miguu kabla ya kulima na chomekeni kijiti penye kila kisiki. Mwenye shamba akiwaambia hakuna visiki, mshukuruni, kisha mtembee vilevile.

Kesi ngumu kuliko zote niliipata Kalinzi. Mwenye kahawa mmoja alitaka nimlimie sehemu tupu chini ya shamba lake, na mteremko ulikuwa mkali. Nilimwambia. Akasema mwaka uliopita alilima yeye mwenyewe kwa jembe na hakuanguka. Alinionyesha mpaka, akapanda pikipiki akaenda kwenye shughuli zake. Mimi nikaingia.

Mzunguko wa tatu, gurudumu la mbele la upande wa juu liliinuka. Kwa kitabu nilijua la kufanya: nisigeuze usukani kupanda, nigeuze kushuka, na nishushe plau. Nilishusha plau, ikang'ata udongo, trekta likasimama limeinama, gurudumu moja hewani likizunguka polepole. Kisha likabaki hivyo. Nikiondoa mguu kwenye breki litaondoka. Nikizima injini, sina hakika. Niliita. Injini ilikuwa inanguruma kuliko mimi. Chini niliona mashamba ya watu wengine, watu wadogo wakiwa wameinama kwenye kazi zao, kama kumi hivi kwenye shamba moja, na mbali zaidi kipande cha ziwa. Hakuna aliyeinua kichwa. Mlio wa trekta watu wameshauzoea. Ukilia maana yake kazi inaendelea.

Mguu wangu ulianza kutetemeka. Nilianza kusoma kwa sauti majina ya sehemu za trekta kwa Kijerumani, kutoka mbele kwenda nyuma, ili nisiufikirie mguu. Nilikuwa nimefika kwenye ekseli ya nyuma mara ya pili au ya tatu wakati mwendesha bodaboda aliyebeba mikungu ya ndizi aliposimama kwenye njia ya juu. Aliweka pikipiki, akashuka akikimbia, akaweka mawe chini ya magurudumu mawili, akaja mpaka karibu na sikio langu.

“Mzee, uko peke yako?”

Nikamwambia ndiyo.

“Kazi gani hii ya kufanya peke yako?”

Alikataa fedha, akachukua ndizi zake, akaenda. Tangu siku hiyo niliweka sharti kwamba sifanyi kazi mteremkoni bila mtu wa pili. Wateja walikubali wote. Walinitumia mtu, na mtu huyo alikaa kivulini na simu yake mpaka jioni. Hata hivyo shikeni sharti hilo, na mtu wenu mchagueni wenyewe.

Leokadia alifariki miaka minne iliyopita, kwa shinikizo la damu, baada ya kuumwa siku chache tu. Kundi lote lilikuja. Walichimba, walipika, walibeba maji, walilala kwenye mikeka uani kwangu mpaka matanga yakaanuliwa. Mama Nziza aliniwekea chakula mbele na kusimama hapo mpaka nile. Mwanangu Fidelis alikuja kutoka Mwanza, akakaa, akarudi kazini kwake. Nilipobaki niliamini kwamba kwa watu wale siko peke yangu.

Msimu ulipofika nililima ekari zangu mbili mwenyewe, nikapanda maharage. Trekta linalima, linasawazisha, linabeba. Halipalilii maharage. Hiyo ni kazi ya mikono mingi kwa siku moja, na mpaka mwaka huo ilikuwa inafanywa na kundi kwa siku za Leokadia. Nilisubiri. Niliwaona wakipita asubuhi na majembe kwenda kwa huyu na kwa yule. Tulisalimiana. Magugu yalifika magotini. Mwisho nilimsimamisha Mama Nziza barabarani nikamuuliza, kwa njia ya mzunguko, kama kwangu watakuja lini.

Aliniangalia kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyoniuma. “Baba Fidelis,” alisema, “ile nafasi ilikuwa ya mama. Wewe si tunakulipa?”

Nikaajiri vibarua. Walikuwa watu wazuri, walifanya kazi safi. Niliwapikia ugali wa muhogo na dagaa, nikidhani tutakaa kidogo. Saa nane walichukua ujira wao, wakafunga chakula kwenye majani ya mgomba, wakashukuru, wakaondoka. Nilibaki na sufuria.

Miaka iliyofuata nilifanya kazi nyingi kuliko wakati wowote. Mnaona jinsi mtu anavyosalimiwa akiwa juu ya trekta: kwa mkono. Hakuna anayeuliza habari za nyumbani kwa sababu injini inapiga kelele, na ukiizima ili kujibu, yeye keshapita. Masikio yangu nayo yakaanza kuchoka. Vaeni vizuia sauti. Mimi niliviona vya watu wa viwandani. Chakula cha mchana nilikula nimeketi juu ya bati la gurudumu, nikitazama kwenye mashamba ya pili watu wakila kwenye mkeka. Jumapili Fidelis alipiga simu, akaniuliza kama trekta ni zima. Nikamwambia ni zima.

Mwaka huu daktari wa hospitali ya mjini, kijana aliyehamishiwa huku kutoka Iringa, alinionyesha picha ya mgongo wangu, akauliza kazi, akauliza kiti. Akasema niache trekta kabisa, na nisishike jembe wala kubeba gunia. Nilimuuliza nishike nini. Akacheka, akaandika dawa. Kwa hiyo ninyi: wekeni sponji nene chini ya ngozi ya kiti, na kila baada ya saa moja shukeni mtembee. Si lazima mngoje picha.

Nikatangaza kuuza. Bwana Kasimu, mfanyabiashara wa vipuri Mwanga, alikuja, akazunguka, akapiga tairi teke kama wote wanavyofanya, akasema atatoa milioni sita na nusu taslimu. Tukakubaliana aje na lori Ijumaa.

Jioni hiyohiyo nilikwenda kwa Mama Nziza. Alikuwa anachambua mbegu na wanakundi wenzake wawili. Nilisema nilichokuja kusema bila kuzunguka: nataka kurudi kwenye ikibiri. Nilisema naona wanavyokaa saa nane na nimechoka kula nimesimama.

Mama Nziza akauliza daktari kasema nini juu ya jembe. Nikamwambia. Na kubeba maji je? Nikasema nayo mazito. Mmoja wa wale wanawake, Jozefina, akapendekeza nipike.

“Apike huyu?” mwenzake akajibu. “Vibarua wake wanabeba chakula wakampe mbwa. Kundi litavunjika.”

Wakacheka, nami nikacheka, ingawa habari ya mbwa ilikuwa mpya kwangu. Nikasema naweza kunoa. Udongo wetu una changarawe, na ikifika saa nne majembe yote yamekuwa butu. Watu wanaburura mpaka jioni kwa sababu hakuna anayeacha mstari akatafute tupa. Nitakaa mpakani na tupa na gogo. Nitanoa, nitakaza mipini. Jembe moja ni dakika chache tu, kwa hiyo majembe kumi na mawili —

Mama Nziza aliinua mkono. Alikuwa anaijua hiyo hesabu.

“Usituchoree,” alisema. “Sikiliza. Ukinoa ukaondoka, tutakulipa. Ukinoa ukabaki mpaka saa nane, tutakuhesabia siku. Moja. Kama mtu yeyote.”

Akaongeza kwamba kuna jambo jingine: wengine kwenye kundi hawataamini. Watasema Baba Fidelis ataitwa, atakwenda. Kwa hiyo nitajaribiwa siku moja, Alhamisi, shambani kwa Jozefina. Nikishindwa, wasisumbuliwe tena.

Alhamisi nilifika na tupa mbili na kigogo. Wengi wao walinisalimu kama mteja anayesalimu. Nilikaa mpakani. Ilikuwa kweli kuhusu changarawe. Kufika saa nne walianza kuniletea majembe, kwanza mmoja, kisha wote. Nilikuwa na kazi. Sikuwa na mtu wa kuzungumza naye, kwa sababu wao walikuwa mstarini na walizungumza Kirundi haraka, masikio yangu yalipata nusu. Lakini nilikuwa hapo.

Saa tano simu iliita. Siku hizi naweka sauti ya nje, la sivyo sisikii, kwa hiyo shamba zima lilisikia. Alikuwa Bwana Kasimu. Amepata lori la bei nafuu leo badala ya kesho. Yuko nyumbani kwangu, fedha anazo mkononi, lori linadai.

“Mzee, dakika ishirini tu. Uje unikabidhi ufunguo, nihesabu, tumalize.”

Dakika ishirini ni kwake. Kutoka pale hadi kwangu, kwa mgongo wangu, ni karibu saa nzima kwenda, na nyingine kurudi. Nilimwambia tulikubaliana Ijumaa. Akasema kesho atakuwa Kasulu, kuna trekta jingine la kuangalia, na akilipenda atalichukua hilo.

Majembe yalikuwa yamesimama. Mama Nziza alijinyoosha, akaegemea mpini.

“Nenda, Baba Fidelis,” alisema, bila ubaya wowote. “Fedha nyingi hizo. Sema asubuhi hii ni kiasi gani tukulipe.”

Wote walikuwa wananitazama, na niliona kwamba jibu walikuwa nalo tayari. Jozefina alikuwa ameshaanza kufungua fundo la kanga.

Nilimwambia Bwana Kasimu kwamba nitakuwa nyumbani saa kumi.

“Saa kumi? Mzee, uko kazini kwa nani huko, rais?”

“Niko kwenye zamu,” nikamwambia.

Alisema sawa, kwa sauti ya mtu anayesema si sawa, akakata. Niliiweka simu mfukoni, nikachukua jembe lililokuwa mbele yangu. Jozefina alifunga tena fundo lake, akaja, akaangusha jembe lake miguuni pangu.

“Hili langu lina meno kama mamba,” alisema. “Na usinoe kwa woga kama asubuhi.”

Saa nane tulikula ugali wa muhogo na maharage yenye mawese. Nilikaa mwisho wa mkeka. Walisemana, walicheka, na mara mbili waligeuka kunitafsiria kwa nini wanacheka. Mara nyingine walisahau. Nilipotaka kuinuka kabla ya saa tisa, Mama Nziza aliniuliza kama nyumba yangu inaungua. Nikakaa.

Bwana Kasimu alinunua la Kasulu. Langu lilikaa uani miezi miwili na nusu, mvua zikapita, msimu wa kulima ukaisha na wanunuzi nao wakaisha. Wakati huo maharage yangu yalipaliliwa na watu kumi na wawili kwa asubuhi moja, nami nikawapikia, na Jozefina alikula kwa uangalifu mkubwa. Mwisho akaja mkulima wa mpunga kutoka bondeni, akapiga tairi teke, akalichukua kwa milioni tano na laki mbili. Tofauti kati ya bei hiyo na ya Bwana Kasimu, na ndiyo hasara yangu ya kubaki shambani kwa Jozefina mpaka saa nane, ni shilingi milioni moja na laki tatu.